Watoto Hawahesabiwi

Mimi ndiye niliyetangulia kusema mwanangu atasoma shule ya Mdachi, na ni mimi huyohuyo niliyesema mwanangu hatahesabiwa. Watu wa Kimandolu wanaisimulia habari hii kwa namna yao, na katika namna yao mimi ni mwanamke mbishi tu. Ubishi ninao, sikatai. Lakini kaa hapa nikueleze mwenyewe, maana wao hawakuwapo.

Naitwa Naeku, mke mkubwa wa Koikai. Tulikaa juu ya Sokon, pale migomba inapoishia na msitu wa mlima Meru unapoanza. Miaka ile Wadachi, hao Wajerumani, walikuwa wamekwisha kujenga boma lao kule chini, na barabara zao zilikuwa zimeanza kukata mashamba ya watu. Engai, Mungu wetu, alinipa watoto, kisha ndui ikapita. Usiniulize nilizaa wangapi, sitakwambia. Aliyebaki ni Loishiye.

Kwetu sisi Waarusha kitu chenye pumzi hakihesabiwi. Si kwamba namba hatuzijui. Siku za mwezi tunahesabu, mikungu ya ndizi tunahesabu, na mwanamke wa Kiarusha ukimpunja vibuyu vyake vya maziwa sokoni utamjua. Lakini mtu, au ng'ombe, ukimnyooshea kidole ukamtajia namba, umemtoa kundini na kumwonyesha mauti mahali alipo. Jioni ng'ombe wakirudi, Koikai alisimama penye mlango wa zizi akawatazama wakipita. Akikosekana yeyote, alimjua kabla wa mwisho hajaingia, kwa rangi yake, kwa pembe zake, kwa mwenzake anayependa kutembea naye. Mwenye macho haambiwi tazama.

Shule niliitaka kwa sababu ya karatasi. Baba yangu na wazee wenzake waliitwa siku moja bondeni, wakaonyeshwa karatasi, wakaambiwa ni ruhusa tu ya mzungu fulani kulisha farasi wake mpaka mvua zinyeshe. Wakachovya dole gumba, wakaweka alama. Mvua zilinyesha, zikakatika, zikanyesha tena, na yule mzungu alikuwa amekwisha kupiga uzio mpaka mtoni. Baba alikufa akiitazama ardhi yake kwa mbali. Nikaapa kwamba katika nyumba yangu atakuwako mtu wa kuishika karatasi na kuiuliza, hebu sema umebeba nini. Mtu huyo ni Loishiye, na Koikai alikubali baada ya kelele zangu za mwezi mzima.

Mwalimu wao alikuwa Gidion, Mchaga wa Machame, kijana mrefu aliyesomeshwa Tanga, mwenye kanzu safi isiyojua vumbi. Mwaka wa kwanza aliwafundisha wavulana kusoma, kuandika na kuimba, yote kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wenyewe tulikuwa bado tunaipapasa. Wazazi tulinung'unika kidogo, maana nani achunge ndama asubuhi, kisha tukazoea. Mwaka wa pili yakaja mafundisho mapya kutoka bomani. Hesabu kila siku, na mara kwa mara kazi ya mikono badala ya kitabu. Tena mwalimu akatakiwa kila asubuhi awahesabu watoto, na mwezi ukiisha apeleke idadi yao kwa maandishi.

Hilo nililijua jioni moja Loishiye aliposimama na baba yake mlangoni pa zizi. Mtoto alinyoosha kidole kwa ng'ombe na kuanza kutaja namba. Koikai aliukamata ule mkono hewani. Hakumpiga, alimuuliza tu nani amemfundisha. Loishiye, masikini, akajibu kwa furaha kwamba mwalimu amewaambia wakajizoeze nyumbani kwa mifugo, na kwamba asubuhi mwalimu huwapitia kwa kidole, na yeye namba yake ni fulani. Akaitaja. Mimi sitaitaja. Mwanangu niliyebakiziwa alikuwa ananyooshewa kidole kila kunapokucha, na mimi nampelekea mwenyewe.

Kesho yake nyumba zote za mlimani zilikuwa na neno hilohilo. Wazee wakasema watoto watolewe shuleni, na kama boma litapiga watu viboko, basi na lipige, heri kiboko kuliko kaburi. Koikai aliwaunga mkono. Nikamng'ang'ania, nikamkumbusha uzio wa yule mzungu, nikamwambia mwalimu kutoyajua yetu si sababu ya sisi kukataa kuyajua yake. Hatimaye akanipa nafasi.

"Nakuachia mpaka mwezi mwandamo," akasema. "Mtoto akihesabiwa tena baada ya hapo, anarudi kwa ndama, na viboko nitapigwa mimi."

Nikashuka shuleni peke yangu. Gidion akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanipa kigoda, nikakaa na kumweleza bila kupindapinda. Hakunicheka. Alisema hata kwao Machame bibi yake asingekubali kuku wake wahesabiwe. Lakini idadi inatakiwa bomani, na asipoipeleka ataondolewa, na atakayeletwa baada yake pengine atakuja na askari. Kwa hiyo akaniuliza yeye afanyeje. Nadhani aliuliza kwa kukata tamaa tu, hakutegemea jibu kutoka kwa mwanamke aliyejifunga ngozi.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelipika njia nzima.

Nikamwambia watoto waache, ahesabu mawe. Kila mtoto aokote jiwe mtoni, na asubuhi akiingia alitie katika chungu mlangoni. Watoto wakishakaa, mwalimu amwage mawe na kuyahesabu apendavyo, kwa kidole, kwa fimbo, kwa sauti ya kufika Moshi. Jiwe halina pumzi, mauti hayana haja nalo. Na masomo ya hesabu yafanywe kwa maharage, mbuzi wa watu waachwe walale. Gidion alinitazama, akatabasamu taratibu, akasema, "Mama, wewe ungekuwa mwalimu." Nikamwambia najua.

Wazee waliposikia walicheka mpaka wakakohoa, wakakubali. Watoto wakarudi shuleni, Koikai akanyamaza, boma likapata namba yake. Nami nilijisifu, haki ya nani. Mtoni nilisimulia mawe yangu, sokoni nilisimulia mawe yangu, na nyumbani ndiyo usiseme. Mke mwenzangu alikuwa na binti, Sinyati, ambaye bado hajang'oa hata jino la utoto. Huyo alimfuata Loishiye kila mahali na kunisikiliza mdomo wazi. Alitaka naye jiwe lake la kutia chunguni. Nikamwambia shule ile ni ya wavulana, akae na mama yake. Alininunia siku nzima.

Miezi ikapita. Kisha ikaja siku ya kujenga.

Shule ilitaka chumba kingine, na mafundisho mapya yalisema kazi ya mikono ni ya wanafunzi, basi wavulana wakatakiwa kwenda msituni kukata fito. Sisi mama zao tukaitwa kukandika ukuta uliokwisha kusimama, maana kwetu nyumba ni kazi ya wanawake, na Gidion alikuwa ameshajaribu kukandika mwenyewe ikawa kichekesho. Tukaja na samadi yetu na udongo wetu na nyimbo zetu. Kabla watoto hawajaondoka, Gidion aliweka chungu mlangoni akaeleza jambo ambalo lilinifurahisha mno. Kila mtoto anayekwenda atie jiwe, na akirudi atoe jiwe. Chungu kikiwa kitupu, basi wamerudi wote. Nikawaambia wanawake wenzangu watazame jinsi mawe yangu yanavyochapa kazi. Nanyori hakuwapo, la sivyo ningemwambia naye.

Nanyori ni nani? Ni mjane aliyekaa juu kabisa, karibu na msitu. Hakuwa na mume wala shemeji wa kumfaa, alikuwa na mbuzi wachache na mwanawe Loserian. Siku ile mbuzi wake alikuwa anazaa, hakuja kukandika. Loserian alikuwa mtoto mkimya kupita kiasi. Akija kwako na mama yake, anaondoka hujasikia sauti yake. Shuleni alisimama nyuma siku zote, kando ya ukuta, akikuna mguu kwa mguu.

Alasiri wavulana wakarudi, Gidion akiwa mbele, wingu likiwa limeshuka mpaka kwenye miti. Walikuwa wamechoka, wanapigana vikumbo, wanatupa fito chini na kuingiza mkono chunguni kila mtu na haraka zake. Gidion alikuwa akipanga zile fito. Alipomaliza alikuja mlangoni, akakiinua chungu na kukipindua. Hakikuanguka kitu. Akasema kwa sauti wote wamerudi, waende wakanywe uji.

Mimi nilikuwa na samadi mpaka viwikoni. Niliinua macho tu, nikawapitia wale watoto kama mtu anavyopitia zizi lake jioni, bila kufikiri. Nikawapitia tena. Loishiye yupo. Yule mwenye kovu la moto yupo. Yule anayecheka bila sababu yupo, na alikuwa anacheka. Kisha nikaona pale nyuma, kando ya ukuta, hapana mtu.

Nikamuuliza Gidion, Loserian yuko wapi. Akasema amerudi. Nikasema simwoni. Akanijia na chungu mkononi, amekiinamisha ili nione ndani, na kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mtu somo lake mwenyewe, akasema, "Kitupu, mama."

Sasa nitakwambia jambo ambalo naona aibu kulisema mpaka leo. Niliangalia ndani ya kile chungu kitupu, nikaanza kuyatilia shaka macho yangu. Nikajiambia pengine kaenda haja. Pengine kapita njia ya mkato kwenda kwa mama yake. Mawe hayawezi kukosea, mawe ni yangu. Nikarudi ukutani, nikachota samadi, nikapaka. Nikachota tena, nikapaka. Mtoto wa watu yuko msituni na mimi napaka ukuta.

Kisha nikamwona Sinyati. Alikuwa amekaa katikati ya wavulana, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameufumba kama ameshika panzi. Nikamwendea, nikamwambia afumbue. Ndani mlikuwa na jiwe.

Alilia kabla sijamuuliza. Alikuwa amemfuata Loishiye asubuhi mpaka kijitoni, akafukuzwa, akangoja hapohapo mchana kutwa. Waliporudi akajiunga mkiani, akafika mlangoni pamoja nao, na walivyofanya wao naye akafanya. Aliingiza mkono chunguni, akapata jiwe. Lilikuwa limebaki la mwisho, na alidhani limebakizwa kwa ajili yake.

Gidion alilitazama lile jiwe. Alikusanya kanzu yake kiunoni akakimbia kuelekea msituni, na sisi wanawake nyuma yake na mikono yetu ya samadi, tukipiga yowe njia nzima mpaka wanaume wakatoka na mikuki. Wavulana walipobanwa wakasema Loserian alirudi nyuma kuchukua panga alilolisahau kwenye kisiki. Kila mtu alidhani yuko na mwingine. Ndivyo alivyokuwa yule mtoto, hata kutokuwapo kwake hakukusikika.

Nanyori alitukuta njiani. Nani alimwambia sijui. Hakulia wala hakuuliza, alipita katikati yetu, akaingia msituni, akapiga mluzi, ule wanaowaitia mbuzi wao. Akasimama kusikiliza. Akaenda mbele, akapiga tena. Mara ya nne au ya tano mluzi ukajibiwa, mwembamba, kutoka chini ya ardhi.

Alikuwa ametumbukia katika shimo la kale la kunasia nyati, lililofunikwa na majani. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Kwenye tope pembeni mwa shimo mlikuwa na nyayo za chui, mbichi, zimezunguka mara mbili. Koikai alizifuta kwa mguu upesi ili Nanyori asizione, lakini alikwisha kuziona. Giza lilikuwa bado halijaingia tulipomtoa. Wanaume walitaka kumbeba, mama yake akawakatalia, akambeba mgongoni mwenyewe mpaka kwao.

Baada ya siku mbili wazee wakakaa. Kwetu mwanamke hasimami kwenye mkutano wa wazee, anakaa pembeni na akiwa na neno humnong'oneza mumewe. Nilikaa pembeni. Nikasikiliza wakisema shule ndiyo iliyovunja mguu wa mtoto, kwamba tulihesabu kwa kujificha na mauti hayadanganyiki. Mzee Efraimu, ambaye alikuwa amekwisha kubatizwa lakini ulimi wake haujabatizwa, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tena safari hii guu lililovunjika si la yule asiyesikia. Wote wakanigeukia. Gidion alikuwa amesimama peke yake, kanzu ina madoa ya tope, akasema kosa ni lake, ataenda bomani aombe kuondoka.

Hapo nikasimama. Koikai alinivuta ngozi, nikaitoa mkononi mwake.

"Mawe ni yangu," nikasema. "Mwalimu alifuata akili niliyompa mimi, na mkaicheka, na mkaikubali. Niliogopa namba, nikakimbilia kwenye mawe. Lakini jiwe halina uso. Koikai angelinda ng'ombe wake kwa chungu, leo angekuwa anachunga chungu. Mimi nilimwona mtoto hayupo, nikaacha kuamini macho yangu nikaamini chungu. Hilo ndilo kosa, na msilitafutie mtu mwingine."

Nami sikukaa. Nikawaambia shule ibaki, ila mwalimu afanye sisi tunavyofanya mlangoni pa zizi. Kila asubuhi na kila jioni amwite mtoto kwa jina lake na jina la mzazi wake. Mtoto aitikie kwa kinywa chake, na mwalimu amtazame usoni kabla hajaita mwingine. Kama boma linataka namba, aiandike baadaye, kimya, peke yake, na asiitamke mbele ya watoto. Mzigo huo aubebe yeye, ni Mchaga, atajua namna ya kuutua. Wazee kadhaa walicheka hapo bila kupenda. Gidion akasema majina yote anayo kitabuni, ila aliona kuyaita kila siku ni kupoteza wakati.

Mzee Efraimu akatoa uamuzi. Alisema maneno ya Naeku ni mazuri, lakini hata maneno ya mawe yalikuwa mazuri. Aliyeumizwa ni Nanyori. Siku ya soko ikipita, kesho yake asubuhi, Nanyori akimleta mwanawe shuleni, watoto wote watarudi. Asipomleta, hapana mtoto atakayerudi, na boma lifanye litakalo. Koikai akasema wetu atafuata wa Nanyori. Nilijua hatabadilisha neno, maana alilisema akiwa ananitazama.

Basi mwanangu, na ile karatasi ya baba, na vyote nilivyotaka, vikawa mikononi mwa mwanamke ambaye mwanawe nilimwacha shimoni nikapaka ukuta.

Nikang'oa majani mabichi, kama tunavyofanya tunapoomba amani, nikapanda kwake. Gidion alinifuata, naye ameshika jani la isale, maana kwao Uchagani anayekuja na isale kuomba radhi hafukuzwi. Tulimkuta Nanyori amekaa mlangoni, Loserian amelala ndani, mguu umefungwa vijiti na kamba za ngozi. Tukaweka majani yetu chini. Gidion akasema yake. Nanyori alinigeukia mimi.

"Ulipoona hayupo," akasema, "ulichota samadi mara ngapi kabla ya kuja?"

Kumbe amekwisha kusimuliwa. Ningeweza kusema sikumbuki. Nilikumbuka.

"Mara mbili," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango. Yale majani yakabaki pale tulipoyaweka, na sisi tukashuka.

Siku zile sikulala vizuri na sikumwambia mtu. Koikai alimchongea Loishiye fimbo mpya ya kuchungia, nzuri, akaiegemeza mlangoni. Loishiye aliipita kila alipoingia na kila alipotoka, bila kuigusa, na jioni alijipa kazi ya kuandika majina yetu kwenye majivu ya jikoni kana kwamba anaogopa yatamtoka kichwani. Mimi nilikaa nikiyatazama yale majina, nisijue lipi ni langu.

Asubuhi ikafika. Mlima mzima uliteremka, baba na mama na watoto, na hakuna aliyeingia ndani. Tulisimama uwanjani. Gidion alikuwa mlangoni na kitabu cha majina mkononi. Ukuta wetu ulikuwa umekauka nusu, na nusu nyingine ulikuwa fito tupu, pale tulipoacha. Koikai alikuwa amemshika Loishiye bega, na ile fimbo alikwisha kumkabidhi. Jua likapanda. Mzee Efraimu alikohoa, na nikajua akikohoa tena atasema twende zetu.

Ndipo Nanyori akatokea penye migomba, anatembea polepole, Loserian mgongoni, mguu wa vijiti umenyooka mbele kama fito. Watu wakampisha. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Gidion, akasimama.

"Mwite," akasema.

Gidion akafungua kitabu. Nanyori akakifunga kwa mkono wake.

Basi Gidion akainua macho, akasema, "Loserian wa Nanyori."

Mtoto akaitikia kitu mgongoni pale, hata mimi niliyekuwa karibu sikukisikia. Gidion akataka kuendelea. Nanyori akasema hajasikia, amwite tena. Akaitwa tena, akaitikia, bado kama mnong'ono. Nanyori akasema tena. Yule kijana msomi wa Tanga akasogea, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akamtazama machoni, akamwita jina taratibu. Na Loserian, ambaye hatukuwahi kuijua sauti yake, akasema "Nipo" kwa nguvu, mpaka watu wa nyuma kabisa uwanjani wakasikia.

Nanyori akamshusha, akamkalisha kwenye kigoda cha mwalimu, pale mlangoni. Kisha akaja kwangu. Nikajua ananijia kwa zile konzi za samadi. Nikasimama wima, nikasubiri.

"Mimi kitabu sikijui," akasema, "na huyu Mchaga namwona ana moyo mzuri, lakini hana macho. Wewe unayo. Mwanangu namwacha hapa kwako, Naeku, si kwa mwalimu. Utakuja asubuhi wakiingia, na utakuja jioni wakitoka, na utawatazama. Siku usipokuja, namchukua wangu."

Nikasema nitakuja. Sauti haikutoka vizuri, nikasema tena.

Akamtazama Loishiye aliyesimama na fimbo yake, akaniuliza, "Na wako je?"

Koikai hakungoja nimjibu. Alinyoosha mkono, akaichukua ile fimbo kwa mtoto, akaondoka nayo kwenda kwa ndama, bila kuaga. Loishiye alikimbia mpaka mlangoni. Gidion akamtazama usoni, na kabla hajamaliza kusema Loishiye wa Naeku, mtoto alikwisha kuitikia. Nililia mbele za watu, wala sikujifunika.

Nikakaa pale mlangoni kwenye mkeka mpaka walipotoka, nikawapitisha machoni mmojammoja, na kesho yake nikaja tena. Nilikwenda masika na kiangazi, nikiwa mzima na nikiwa na homa, mpaka vita vilipokuja na shule ikafungwa. Walikuwa wangapi? Sijui, na usiniulize. Najua walirudi wote kwa mama zao.